Kabla Hujaandika "Telomerasi Imepanda": Kwa Wanaoanza Kuchunguza Utando wa Kizazi

Kila mwaka napata ujumbe wa namna moja kutoka kwa wanafunzi wanaoanza uzamili: "Nataka kuchunguza telomerasi kwa wagonjwa wa endometriosi, nianzie wapi?" (Endometriosi ni ugonjwa ambao tishu kama ya utando wa ndani wa kizazi huota nje ya kizazi.) Siku hizi hujibu kwa swali: sampuli zako zitachukuliwa siku ya ngapi ya mzunguko? Anayelishangaa swali hilo ndiye ninayemwandikia hapa.

Ya msingi nitayapitia upesi, maana yamo katika kila kitabu. Kwenye ncha za kila kromosomu kuna telomea, yaani herufi TTAGGG zilizorudiwa maelfu ya mara. Seli inapogawanyika, kipande kidogo cha mwisho hakinakiliwi, hivyo telomea hupungua. Ikipungua mno, seli huacha kugawanyika. Kwamba seli za kawaida za binadamu zina ukomo wa kugawanyika lilionyeshwa na Leonard Hayflick na Paul Moorhead mwaka 1961, kabla haijajulikana kinachozihesabia. Telomerasi ni kimeng'enya kinachorudishia herufi zilizopotea. Kina sehemu kuu mbili: TERC, ambayo ni RNA (molekuli ndugu ya DNA) yenye kiolezo, na TERT, protini inayonakili kutoka kwenye kiolezo hicho. Carol Greider, akiwa mwanafunzi wa Elizabeth Blackburn, aliona dalili zake za kwanza siku ya Krismasi ya 1984 katika kiumbe cha seli moja kiitwacho Tetrahymena, na mwaka 2009 wawili hao pamoja na Jack Szostak wakapewa tuzo ya Nobel. Ndiyo, siku ya Krismasi. Msimamizi wako asiusome mstari huo.

Sasa tuingie kwenye kizazi. Seli nyingi za mtu mzima zimezima TERT kabisa. Saratani huiwasha, na kama asilimia 85 hadi 90 ya saratani zote hukutwa na telomerasi. Ndiyo maana wengi wetu tulifundishwa kuichukulia telomerasi kama alama ya saratani. Utando wa ndani wa kizazi unaivunja hesabu hiyo. Mwaka 1997 Satoru Kyo na wenzake huko Japani walitoa taarifa kwamba utando wa wanawake wasio na saratani yoyote una telomerasi inayofanya kazi, tena hupanda na kushuka pamoja na mzunguko wa hedhi. Baada ya damu kukatika, estrojeni inapoanza kupanda na utando kujengwa upya, telomerasi nayo hupanda, na kilele chake huwa kabla tu yai halijatoka. Projesteroni ikishika zamu, hushuka, na kuelekea mwisho wa mzunguko huwa ndogo mno au haionekani kabisa. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, mambo hutulia.

Sababu yake inaeleweka ukiutazama utando wenyewe. Una tabaka la juu linalotoka na damu kila mwezi na tabaka la chini linalobaki. Chukulia shamba la chai la Mufindi: majani huchumwa, mti haung'olewi, na baada ya muda majani huchipua tena. Mwanamke hupitia mizunguko kama 400 maishani mwake, na kila mara tabaka la juu lote hujengwa upya kutokana na seli za chini. Tishu yenye kazi hiyo haiwezi kuishi kwa akiba ya telomea iliyozaliwa nayo tu. Estrojeni inajua njia: kwenye eneo linaloiwasha jeni ya TERT kuna mahali ambapo kipokezi cha estrojeni hushika moja kwa moja, na estrojeni pia hupitia c-Myc, protini nyingine inayowasha jeni, kufika hapohapo. Kwa hiyo telomerasi katika utando huu ni chombo cha kazi ya kawaida, na kuikuta si habari.

Kinachofaa kuwa habari ni kuikuta siku isiyotarajiwa. Mwaka 2008 Dharani Hapangama na wenzake wa Liverpool waliripoti kwamba kwa wanawake wenye endometriosi, utando ulio ndani ya kizazi ulikuwa bado na TERT katika nusu ya pili ya mzunguko, wakati ambapo kwa wanawake wenye afya na wenye uzazi ilikuwa imefifia au haipo. Telomea zao nazo zilikuwa ndefu zaidi wakati huo. Hebu soma tena sentensi hizo mbili. Hakuna mahali palipoandikwa "wagonjwa wana telomerasi, wazima hawana". Tofauti iko kwenye tarehe. Ukichukua sampuli zako zote siku ya 10 hadi ya 13, unaweza ukakuta makundi yako mawili yamelingana, ukaondoka ukidhani umeipinga kazi ya watu. Ukichanganya wagonjwa wa nusu ya kwanza na wazima wa nusu ya pili, utapata tofauti kubwa ya kupendeza ambayo haina uhusiano wowote na ugonjwa.

Ndiyo maana nasema tarehe kwanza. Na tarehe ya mzunguko si kitu cha kuandika kutoka kwenye fomu. Mama akiulizwa siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho atakujibu kwa kumbukumbu, na wengine, hasa pwani na Visiwani, watakuhesabia kwa mwezi wa Kiislamu, nawe usipouliza utaandika tarehe ya kizungu isiyo yake. Chukua na damu upime projesteroni. Mpelekee mtaalamu wa patholojia kipande aisome hatua ya utando kwa vigezo vya Noyes vya mwaka 1950, ambavyo vina kasoro zake ila bado ndivyo wote tunavyovielewa. Vyanzo hivyo vitatu vikigombana, sampuli hiyo iweke pembeni. Inauma kuiacha, najua, hasa kama umehangaika kuipata.

Kisha kuna uzazi wa mpango. Miongozo mingi inasema mshiriki awe hajatumia homoni kwa miezi mitatu. Kwa vidonge sawa. Kwa sindano ya miezi mitatu, ambayo kwetu ni ya kawaida sana, haitoshi: mzunguko unaweza kuchelewa kurudi kwa miezi kadhaa baada ya sindano ya mwisho, wakati mwingine karibu mwaka. Utando wa mama huyo ni mwembamba, umetulia, na TERT yake inakuambia habari za sindano, si za ugonjwa. Kipandikizi na kitanzi chenye homoni vivyo hivyo. Usimwulize "unatumia homoni?" maana wengi watasema hapana kwa moyo safi. Mwulize sindano, kijiti, kitanzi, vidonge, dawa za asili, kimoja kimoja, na lini mwisho.

Nikiwa kwenye mahojiano, niongeze na hili. Endometriosi huchukua takriban mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 190. Wengi wao hawatakuja wakiitaja kwa jina hilo. Watasema wana chango. Usiandike "maumivu ya tumbo" ukageuza ukurasa. Uliza maumivu huanza siku ngapi kabla ya damu, kama humlaza kitandani asiende kazini au shuleni, kama yapo wakati wa tendo la ndoa, kama haja kubwa humchoma siku za hedhi, na kama amewahi kuhangaika kupata mtoto. Mpe muda. Mama mmoja aliwahi kunijibu "ni ya kawaida tu" kwa kila swali, mpaka nilipomwuliza siku za hedhi hulalaje, akanionyesha: kapiga magoti, kichwa chini kwenye godoro, mikono kaikunjia tumboni. "Mpaka asubuhi," akasema. Fomu yetu haikuwa na nafasi ya jibu la namna hiyo, tukaiongeza.

Kundi la kulinganisha ndilo gumu kuliko kundi la wagonjwa. Mwanamke asiyelalamika si lazima awe hana endometriosi. Wapo wenye vidonda tumboni wasiosikia kitu. Ndiyo maana tafiti nzuri hutumia wanawake waliokwisha kuzaa na ambao daktari amewatazama ndani kwa kamera, kwa mfano wanaofunga kizazi kwa upasuaji wa matundu. Kwenye hospitali nyingi za kwetu kufunga kizazi hufanywa kwa kupasua kidogo bila kamera, kwa hiyo fikiria mapema utawapata wapi watu wa kundi hilo, na uandike kwenye taarifa yako jinsi ulivyohakikisha. Usiwaite tu "wenye afya".

Sasa maabara. Hapa ndipo nina maneno mengi, nivumilie.

Kipimo cha utendaji wa telomerasi kinaitwa TRAP, kilitoka mwaka 1994. Unasaga seli kwenye kimiminika baridi, unaipa telomerasi kipande kifupi cha DNA cha kuanzia, ikiwepo itakiongezea TTAGGG moja baada ya nyingine, kisha PCR, mbinu ya kunakili DNA mara nyingi, inakuza ilichotengeneza. Kwenye jeli utaona mistari iliyopangana kama ngazi, kila kidato kimezidi kingine kwa herufi sita. Ni kipimo kizuri. Ni kipimo chenye hila pia, na hila zake zimekaa kama zilizotengenezwa mahususi kwa ajili ya utando wa kizazi.

Hila ya kwanza ni damu. Sampuli ya kizazi huja na damu, na sampuli za karibu na hedhi ndizo zenye damu zaidi. Damu huizuia PCR. Kwa hiyo jeli tupu ya mwisho wa mzunguko inaweza kuwa na maana mbili: telomerasi imeshuka kama ilivyotarajiwa, au PCR imekwama. Utazitofautisha kwa mstari wa udhibiti wa ndani, ule ulio chini ya ngazi, ambao lazima utokee katika kila njia ya jeli. Nao ukipotea, huna jibu, una sampuli chafu. Izimue sampuli mara kumi, kisha mara hamsini, uipime tena. Nimeona ngazi ikijitokeza vizuri kwenye sampuli iliyozimuliwa ambayo ilipokuwa nzito haikutoa chochote. Mgeni huona ajabu kwamba kidogo kimeonyesha kuliko kingi. Wenyeji hawapimi TRAP bila angalau viwango viwili vya kuzimua. Na bado osha kipande chako kwenye kimiminika baridi mara tu kinapotoka, palepale chumba cha upasuaji, kabla ya kukigandisha.

Kila sampuli iwe na pacha wake aliyechemshwa, dakika kumi kwenye nyuzi 85. Telomerasi hufa kwa joto hilo, hivyo pacha akitoa ngazi ujue unachokiona si telomerasi, ni uchafuzi wa PCR. Upande wa pili weka seli za HeLa, ambazo zina telomerasi tele. Zilichukuliwa mwaka 1951 hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, kutoka kwenye saratani ya mlango wa kizazi ya mama aliyeitwa Henrietta Lacks, bila yeye kuombwa ruhusa. Kila unapofungua kichupa cha HeLa kwenye kazi inayohusu vizazi vya wanawake, ni vizuri kulijua hilo, na fomu yako ya ridhaa iandikwe na mtu anayelijua.

Barafu. Kimeng'enya hiki ni protini iliyoshikana na RNA, na RNA haingoji. Kama sampuli inatoka wilayani na gari linachelewa, panga naitrojeni ya kimiminika, usitegemee friza ambayo umeme ukikatika hakuna anayejua ilikaa saa ngapi. Sampuli iliyoyeyuka na kuganda tena itakupa telomerasi kidogo, nawe ukiwa huna kumbukumbu utaita kushuka huko matokeo.

Tukitoka kwenye TRAP, watu hukimbilia kupima RNA ya TERT, yaani nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini hiyo, kwa PCR kwa sababu ni rahisi. Pima, lakini jua kwamba RNA ya TERT hukatwa na kuunganishwa kwa namna kadhaa, na baadhi ya namna hizo hutoa protini isiyofanya kazi. Praima zako, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR, zinaweza kuwa zinahesabu zote kwa pamoja. RNA ikipanda bila TRAP kupanda, usishangae na usifiche.

Kuhusu kingamwili za TERT, zile za kuipaka rangi protini hiyo kwenye vipande vya tishu, hapa natoa onyo kali kuliko yote. Protini hii ni chache mno ndani ya seli, hata yenye saratani, kwa hiyo picha ya kahawia iliyokolea kwenye kila tezi inapaswa kukutia shaka kabla haijakufurahisha. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba kingamwili moja iliyotumika sana duniani kutafuta TERT kwenye vipande vya tishu ilikuwa ikishika nukleolini, protini nyingine kabisa iliyojaa kwenye seli zinazogawanyika. Fikiria maana yake kwa utando wa kizazi: nukleolini nayo hupanda pale seli zinapogawanyika, kwa hiyo picha zilionekana kukubaliana na nadharia. Ukisoma makala ya zamani, kabla ya kusoma hitimisho nenda sehemu ya mbinu uone ni kingamwili ipi. Ukinunua yako, ijaribu kwanza kwenye seli zisizo na TERT kabisa. Kama nazo zinang'aa, bei uliyolipa isikufanye uitetee.

Halafu swali la seli gani. Utando una seli za tezi na za juu, yaani za epithelia, una stroma inayozishikilia, una mishipa, na una chembe za kinga, ambazo katika nusu ya pili ya mzunguko hujaa. Limfosaiti, aina mojawapo ya chembe hizo, zikiamshwa huwa na telomerasi. Hapo umeona hatari: telomerasi "iliyobaki" mwishoni mwa mzunguko wa mgonjwa mwenye uvimbe wa ndani kwa ndani (inflamesheni) inaweza kuwa ya tezi zake, inaweza kuwa ya chembe za kinga zilizokuja kwa sababu ya ugonjwa. Ukisaga kipande kizima hutajua kamwe. Tenganisha seli. Kwa alama zilizo juu ya seli: kwa EpCAM utazivuta epithelia, kwa CD45 utaziondoa za kinga, na TRAP uifanye kwa kila kikapu peke yake. Ni kazi ya siku nzima na seli unazobaki nazo ni chache, na ndiyo sababu wengi hawaifanyi.

Urefu wa telomea una mtego wake, nao ni mzuri kiasi kwamba huwa nauwekea wanafunzi wangu kama mtihani. Katika kazi iliyotoka Liverpool mwaka 2015, seli za epithelia zilikuwa na telomea fupi kuliko za stroma za mwanamke yuleyule, ingawa epithelia ndizo zenye telomerasi nyingi. Kwanza hilo lenyewe litulie kichwani: kimeng'enya kingi hakimaanishi telomea ndefu. Seli zinazogawanyika kwa kasi hutumia zaidi ya zinachorudishiwa, na telomerasi inaweza kuwa inazinusuru tu zisifike mwisho. Pili, ukipima urefu kwa PCR ya kulinganisha, njia iliyoletwa na Cawthon mwaka 2002, unapata wastani wa kipande chote. Sasa niambie: wagonjwa wako wakiwa na wastani mrefu, je, telomea zimerefuka, au kipande kimekuja na stroma nyingi na tezi chache? Mwanafunzi anayeweza kulijibu swali hilo kwa data zake namwachia aandike rasimu. Asiyeweza arudi kwenye kutenganisha seli, au apime kwa hadubini kwenye kipande chenyewe, ambako utaona telomea za tezi na za stroma kila moja mahali pake.

Na usisahau kifaa cha kuchukulia sampuli kinachukua nini. Pipelle, mrija mwembamba wa plastiki unaoingizwa kizazini, hufyonza tabaka la juu. Seli shina, zile zinazodhaniwa kuujenga utando upya, ziko tabaka la chini, na kundi hilohilo la Liverpool lilionyesha mwaka 2013 kwamba seli za epithelia za tabaka la chini zenye alama ya SSEA-1 zina telomea ndefu na telomerasi zaidi ya zile za juu. Ukitaka kuzizungumzia, unahitaji kipande kamili, yaani kutoka kwa mama anayetolewa kizazi kwa sababu nyingine. Kwa Pipelle peke yake, sura ya tasnifu yako inayoitwa "seli shina" ni ndefu kuliko ushahidi wake.

Tuseme umefanya yote hayo na tofauti imebaki. Inamaanisha nini? Nadharia ya kurudi nyuma kwa damu, ya John Sampson mwaka 1927, inasema hedhi hupita kwenye mirija na kumwagia vipande vya utando tumboni, navyo huota. Lakini damu kurudi nyuma ni jambo la takriban wanawake tisa kati ya kumi wenye mirija iliyo wazi, na wanaougua ni mmoja kati ya kumi. Telomerasi inavutia hapa kwa sababu inatoa jibu linalowezekana: seli zinazomwagika zikiwa bado na telomerasi na telomea ndefu, zimeondoka nyumbani na uwezo wa kugawanyika, wakati za mwanamke mwingine zimekwisha nguvu. Naipenda hoja hii. Naipenda kiasi cha kuiogopa. Maana inawezekana pia kwamba ugonjwa ulianza kwa njia nyingine, uvimbe wa ndani ukaufanya utando usiisikie projesteroni, na telomerasi ikabaki juu kwa sababu kilichopaswa kuishusha hakisikiki. Mgonjwa anapogunduliwa mara nyingi ameugua miaka mingi. Sampuli yake ya kabla ya kuugua haipo popote.

Mahali ambapo "kabla" hupatikana ni kwa nyani, na hapa Afrika Mashariki ina mchango ambao vijana wengi hawaujui. Katika Taasisi ya Utafiti wa Wanyama Jamii ya Nyani, Nairobi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Thomas D'Hooghe kutoka Leuven, Ubelgiji, na wenzake waliwachunguza nyani wa kawaida, hawa wanaotuibia mahindi. Nyani hupata hedhi, mzunguko wake ni kama siku 33, hupata endometriosi wenyewe bila kupandikizwa, na walipozibwa njia ya chini ya kizazi ili damu irudi nyuma, ugonjwa ulijitokeza. Kwa mnyama kama huyo unaweza kuchukua utando kabla, ukauanzisha ugonjwa, ukachukua tena. Panya wa maabara hawakusaidii kiasi hicho: hawapati hedhi, telomea zao ni ndefu mara kadhaa kuliko zetu, na telomerasi yao huwaka kwenye tishu nyingi ambako kwetu imezimwa. Matokeo ya panya kwenye mada hii yasome kwa jicho moja.

Swali la dawa litakufikia tu, mara nyingi kutoka kwa wagonjwa wenyewe. Imetelstat, dawa inayoizuia telomerasi, iliidhinishwa Marekani Juni 2024 kwa ugonjwa mmoja wa uboho unaowaacha watu wakitegemea kuongezewa damu. Maabara, kuizuia telomerasi hupunguza ukuaji wa seli za epithelia za utando. Mtu akiunganisha mistari hiyo miwili atakuuliza mbona hawapewi wenye endometriosi. Mjibu polepole. Dawa hiyo hushusha chembe nyeupe na chembe sahani za damu, jambo linalovumilika kwa mgonjwa wa uboho mwenye umri mkubwa, si kwa binti wa miaka 24 anayetaka kuzaa na ambaye ugonjwa wake, pamoja na mateso yake yote, si saratani. Telomerasi huhitajiwa pia na uboho na mbegu za uzazi. Isitoshe, dawa za projesteroni anazopewa tayari huutuliza utando uleule, na TERT ikiwemo. Upande wa pili kuna vidonge vya "kurefusha telomea" vinavyouzwa mitandaoni kama dawa ya ujana. Mimi humwambia mama mwenye endometriosi asivinunue, na sijawahi kukutana na muuzaji aliyenipa sababu ya kubadili maneno.

Nimalizie na la kibali, maana linachelewesha watu kuliko PCR. Kwa Tanzania, kibali cha maadili cha kitaifa hutoka NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na sampuli zikivuka mpaka unahitaji pia mkataba wa kuzihamisha uliosainiwa na pande zote mbili. Ombi liandike ukiwa tayari unajua utaigawa vipi sampuli, kwa sababu kamati itakuuliza. Mgao ninaoutumia ni huu: kipande kwenye fomalini kwa ajili ya kusoma hatua ya mzunguko na urefu wa telomea kwa hadubini, kipande kwenye kimiminika cha kuhifadhi RNA, kipande kilichooshwa na kugandishwa papo hapo kwa TRAP, na kilichobaki kiende kikiwa hai kwenye kutenganisha seli siku hiyohiyo. Sampuli ikiwa ndogo, anza kukata kutoka mwisho wa orodha, ila fomalini usiiguse. Bila hatua ya mzunguko, hivyo vingine vyote havina pa kusimama.